Bi Kamera Ajibu: Madera, Chanuo na Mchanga Mweupe

Toleo lililopita niliwasimulia safari yangu ya Aprili: siku 12, kilomita kama 4,200, kutoka Fresno, California, ninakoishi, hadi White Sands kule New Mexico, na kurudi kwa kupitia pwani. Garini tulikuwa wanawake watatu. Wa kwanza mimi; wa pili nesi mstaafu wa miaka 61, Mmarekani, ambaye kwa miaka 30 amekuwa akikaa mbele ya wanafunzi wa sanaa wamchore; na wa tatu binti wa miaka 27, mcheza dansi, aliyezaliwa Lubumbashi akakulia Phoenix. Kazi ilikuwa kupiga picha za umbo la mwanadamu kati ya mawe, mchanga na chumvi, nyingine wakiwa wamejifunga vitambaa, nyingine bila nguo. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko zile za picha za harusi, na harusi ndiyo inayonilisha. Mbili zimenilaani, hizo nimezisoma, nimezikunja. Nyingine hizi hapa.

Bi Kamera, nilimjua marehemu baba yako. Alinipiga picha ya pasipoti kwenye studio yake pale Ngamiani, Tanga, mwaka 1974. Alikuwa mtu wa heshima zake. Angesemaje leo akisikia binti yake anapiga picha watu walio uchi? (Mzee wa Pangani)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kumkumbuka. Kama ulipigwa pasipoti basi hukulipata lile pazia. Nyuma ya kiti cha wateja palikuwa na turubai lililochorwa mlima wenye theluji, ziwa, na ndege mweupe mwenye shingo ndefu ambaye hakuna aliyejua katoka nchi gani. Makuli wa bandarini, mabibi harusi, wavuvi na watoto wa maulidi, Tanga nzima ilisimama mbele ya ziwa lile.

Mama yangu alikuwa na stuli yake pembeni. Akiingia mwanamke ushungi umekaa upande, baba hakunyoosha mkono. Alisema tu, "Mama, msaidie dada hapo," mama akainuka. Hata mtoto aliulizwa kwanza: "Nikushike kidevu?" Akikataa, kidevu kinabaki kilipo. Nina hakika makabati ya Tanga bado yana picha nyingi za watoto wa kidevu upande.

Angesemaje? Angenuna, mzee, sikufichi. Angenuna wiki nzima, asile wali wangu. Halafu siku ya nane angeniuliza maswali ya fundi: jua lilikuwa upande gani, na nani alikuwa anawarekebisha? Hilo la pili ningemjibu bila kumeza mate. Siku zote 12 sikumgusa modo hata kwa ncha ya kidole. Nikitaka mkono wake ushuke, nashusha wangu naye anaiga. Jani likimnasa kwenye nywele, namwambia alitoe mwenyewe, kulia kidogo, hapo hapo. Akitaka kujifunika, nageuza kamera chini kabla sijageuza uso. Kama wewe unaona kazi yenyewe ni kosa tangu mwanzo, hiyo ni haki yako na sitashindana na mtu aliyemjua baba. Ila adabu ya chumba kile nimesafiri nayo. Nilichokiacha ni turubai.

Haya mambo ya kumvua mtu nguo nyikani na kumpiga picha yalianza lini? Au ndiyo intaneti hizi? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Intaneti haihusiki, ndugu yangu. Anne Brigman, mwanamke aliyezaliwa Hawaii mwaka 1869, mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwa akipanda milima ya Sierra Nevada pamoja na dada yake na rafiki zake wa kike. Huko, zaidi ya mita 2,000 juu, walivua nguo kati ya miti iliyosokotwa na upepo, naye akapiga picha. Mara nyingine mwili uliomo pichani ni wake mwenyewe. Hiyo ni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati mabibi wengi wa California walikuwa bado wanafungwa kamba za kiuno ili wapumue kwa taabu.

Kisha yuko Edward Weston, ambaye kila mwanafunzi wa picha anamfahamu. Mwaka 1936 alimpiga picha Charis Wilson akiwa amelala kwenye matuta ya mchanga ya Oceano, hapa California, bila nguo, kwa kamera ya hasi za inchi 8 kwa 10. Mwaka uliofuata Weston akawa mpigapicha wa kwanza kupata ruzuku ya wakfu wa Guggenheim, na yeye na Charis wakazunguka Magharibi ya Marekani kwa gari.

Sasa hapa nawaomba msikie jambo ambalo watu hulipita mbio. Weston hakuwa dereva. Aliyeshika usukani ni Charis. Yeye ndiye aliyeendesha, yeye ndiye aliyeandika maelezo ya safari, na huyo huyo ndiye watu wanayemwita "modo wa Weston" kana kwamba kazi yake ilikuwa kulala mchangani tu. Nilimsimulia binti wa Lubumbashi habari hizi tukiwa njiani kuelekea Arizona, yeye kwenye usukani, mimi nimenyoosha miguu juu ya dashibodi. Akanitazama kwa pembe ya jicho akasema, "Na mie sasa, Mama?" Nikashusha miguu.

Dada, uliandika kwamba mamodo wako walivaa madera safari nzima. Kwa nini madera, na huko jangwani? Yalinichekesha. (Mama wa watoto wawili, Muscat)

Cheka, lakini ni ufundi. Sidiria, soksi, mkanda, hata lastiki ya chupi, vyote huacha alama kwenye ngozi, na alama hiyo haiondoki kwa dakika tano. Unaweza kungoja saa nzima na bado mstari mwekundu uko kiunoni kama njia ya siafu. Kwa hiyo modo wa kazi hii, tangu anaamka, havai kitu chenye kubana. Wamarekani huvaa makanzu ya kuogea, ambayo yana mkanda, sasa faida iko wapi? Mimi nilibeba madera manne ya Kariakoo aliyoniletea mpwa wangu. Halibani, linaingiza upepo, linavuliwa kwa mkono mmoja na kuvaliwa kwa mkono mmoja, na mwanamke akilivaa hata kituo cha mafuta hakuna wa kumtazama mara mbili. Nesi yule sasa hataki nguo nyingine. Ameniagiza mengine matatu, moja la rangi ya zambarau.

Shikamoo Bi Kamera. Mimi nasomea upigaji picha. Nikimpiga picha rafiki yangu mweusi sana juani anatoka kama kivuli, na nikiongeza mwanga mbingu inakuwa karatasi. Wewe kwenye ule mchanga mweupe ulifanyaje? (Mwanafunzi, Iringa)

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote, basi vumilia jibu refu.

Kipimo cha mwanga cha kamera ni kama mtu aliyekulia kwenye ukungu wa Lushoto: kila anachokiona anataka kiwe kijivu. Mwonyeshe mchanga mweupe, atasema mwanga umezidi, ataupunguza mpaka mchanga uwe jivu na rafiki yako awe mkaa. Mwonyeshe uso mweusi peke yake umejaza fremu, atasema giza limezidi, ataongeza mwanga mpaka uso upauke kama umepakwa unga. Anakosea pande zote mbili, wala si kwa ubaya.

Unachofanya ni hiki. Pima mwanga kwenye ngozi tu, kwa kile kipimo cha nukta moja kamera nyingi zinacho. Kisha punguza kama stopu moja, yaani nusu ya mwanga, kwa sababu unataka weusi ubaki weusi wenye uhai. Hapo sasa angalia mchanga au mbingu inasemaje. Ikiwa bado imeungua, usihangaike na vifungo, hama saa. Rudi jua likiwa limezama. White Sands si mchanga wa kawaida, ni chembe za jasi, ile inayotengenezea plasta, na ni nyeupe kweli kweli. Jua likishaingia nyuma ya milima, kwa dakika kama 20 anga lote linakuwa taa moja kubwa laini, na mchanga unarudisha mwanga kutoka chini, chini ya kidevu, chini ya mikono, ndani ya mapaja. Sikutumia rifleka, lile bao la kurudisha mwanga, hata mara moja. Nilikuwa nimesimama juu yake. Binti wa Lubumbashi ni mweusi kisawasawa, na pale alikuwa ana rangi ambazo sikuwahi kuziona juu ya ngozi ya mtu: bluu begani, zambarau mgongoni, shaba kwenye nyayo. Na hakuvua kitu hapo, alikuwa na kaniki moja tu.

Jambo la pili, ngozi nyeusi husemwa na mng'ao zaidi kuliko kivuli. Paka mafuta ya nazi, kidogo, kwenye mfupa wa bega na muundi, utaona umbo linajitokeza. Ila sikia kilichonipata. Kule Mesquite Flat, kwenye matuta ya Death Valley, nilimpaka mafuta kwanza (alijipaka mwenyewe, namaanisha), halafu upepo ukaja. Kwa nusu dakika alikuwa mkate wa ufuta. Tulimaliza lita tano za maji kumwosha, na maji katika bonde lile si kitu cha kuchezea: ndipo mahali penye rekodi ya joto la nyuzi 56.7, ya Julai 1913. Sasa mafuta ni kwenye mwamba. Mchangani, ngozi kavu.

Na usijilaumu ukidhani mkono wako ndio mbovu. Baba alipoanza filamu za rangi, alikuwa akituma kusafishwa mbali, zinarudi nyuso za watu wa Tanga zimekuwa meno na macho tu. Maabara za miaka hiyo zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi zikaitwa Shirley, kwa jina la mmoja wa wanawake hao. Na kati ya waliolalamika kwa Kodak mpaka filamu ikaanza kuona rangi za kahawia vizuri zaidi walikuwemo watengenezaji chokoleti na watu wa samani za mbao. Chokoleti, mwanangu. Kabati. Sisi tulikuwa tumekaa tunasubiri.

Kila kitu ulichoandika kilienda vizuri. Safari ya gari isiyo na balaa mimi siiamini. (Dereva mstaafu, Kahama)

Kaka, unanijua. Haya.

Siku ya tatu tulinasa mchangani, nje kidogo ya njia kuu, kwa sababu mimi nilisema "hapa ni pagumu" na hapakuwa pagumu. Nilikanyaga mafuta, tairi zikajichimbia kaburi. Binti akaniambia nishuke. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya Kasumbalesa kabla hawajakimbilia Marekani, na alimfundisha mambo mawili: usikanyage mafuta, na toa upepo. Tukashusha kila tairi mpaka pauni 18, tukafukua mchanga mbele kwa sufuria, tukatandika mazulia ya gari chini, likatoka kama mtoto anayetoka kitandani. Upepo tulijaza tena kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, saa nzima na robo. Jioni hiyo hakuna picha iliyopigwa. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu, tukautazama tu.

Siku ya tano, hifadhi ya Joshua Tree. Kuna kakati pale inaitwa cholla. Kwa mbali inaonekana ina manyoya laini, ndiyo maana aina moja wameiita dubu wa kuchezea. Si laini. Vipande vyake hukatika na kukung'ang'ania ukivigusa kidogo tu, na kila mwiba una vijino vinavyoelekea nyuma. Siku zote mimi ndiye ninayewaonya mamodo waangalie wanapokaa. Basi nilikuwa narudi nyuma, jicho moja kwenye kamera, hatua moja, hatua mbili, ili jiwe zima liingie. Pa! Sehemu nisiyoweza kuiona mwenyewe. Nesi hakucheka, namshukuru. Aliuliza kama nina chanuo. Ukikivuta kipande kile kwa vidole, vidole navyo vinaliwa, kwa hiyo unapitisha meno ya chanuo kati ya kipande na ngozi, unakirusha kwa mpigo mmoja. Miiba iliyobaki aliitoa kwa kibano kimoja kimoja, mimi nimelala kifudifudi juu ya boneti, dera limepandishwa, na binti akiuliza kwa heshima zote, "Mama, nipige foto?" Nilikataa, naye akaweka kamera chini mara moja.

Ya tatu, tulipofika White Sands barabara ilikuwa imefungwa kwa majaribio ya makombora ya jeshi. Ndiyo, hifadhi imezungukwa na eneo la kijeshi, na jambo hilo ni la kawaida. Hutangazwa mapema, mimi ndiye sikutazama. Tulikaa karibu saa tatu kando ya barabara tukinywa chai ya tangawizi.

Nataka kuanza kazi hii. Ninunue kamera gani? (Dodoma)

Swali hili linaniletea barua kila mwezi. Uliyo nayo. Hela inayobaki nunua blanketi mbili nzito, chupa kubwa ya chai na kandambili za saizi zote. Kule Alabama Hills, hapa hapa California, chini ya Mlima Whitney, tulianza kazi saa 12 asubuhi na gari lilikuwa linaonyesha nyuzi 4. Kilele kinawaka wekundu kwanza, kisha mwanga unashuka taratibu mpaka unayafikia yale mawe ya duara. Modo hukaa kwenye blanketi mpaka mwanga ufike jiwe lake, anatoka dakika mbili, anarudi. "Mama, baridi iko mingi, piga foto mbio!" Ngozi ikishasisimka kwa baridi hakuna lenzi ya dola elfu tatu itakayoificha. Kamera yangu mwenyewe ina miaka tisa na kona moja nimeibandika gundi.

Huko Marekani mtu anavua nguo popote tu? Hakuna polisi? (Wakili mwanafunzi, Nairobi)

Wapo, tena wengi. Kati ya vituo vyetu vyote, picha bila nguo tulipiga sehemu mbili tu: pembe ya Alabama Hills alfajiri pasipo mtu, ardhi ya umma, baada ya mimi kupiga simu na kuuliza, na kwenye ardhi ya mtu binafsi kusini mwa Arizona, karibu na yale majabali ya Texas Canyon, kwa ruhusa ya maandishi ya mwenyewe. Alitaka alipwe kwa picha moja ya mbwa wake. Alilipwa.

Kwingine kila ardhi ina mwenyewe na sheria yake. Hifadhi za taifa tangu mwanzoni mwa 2025 zimelegeza: kundi la watu wasiozidi watano, wasiozuia njia wala kuharibu kitu, kwa kawaida halihitaji tena kibali cha kupiga picha. Zamani kuwa na modo tu kungeweza kukudai kibali. Lakini kibali cha kupiga picha si kibali cha kuvua nguo, na sheria za majimbo zinatofautiana sana. Utah, kwa mfano, sikupanga hata kusimama. Ardhi ya Wanavajo ni ya Wanavajo, na picha za biashara zinahitaji kibali chao. Na Oceano, pale pale alipolala Charis Wilson mwaka 1936, leo sehemu kubwa ni hifadhi ya jimbo la California, ambako kuwa uchi ni marufuku isipokuwa mahali palipotengwa. Kwa hiyo kwenye matuta maarufu mno kwa picha za aina hii, sisi tulipiga tukiwa na kanga. Kanga iliyoloa maji ya bahari, upepo ukiwa wa magharibi.

Hao wanawake wanalipwa, au wanafanya kwa kupenda? (Kinondoni)

Wote wawili wanapenda, na wote wawili wanalipwa. Dola 90 kwa saa ya kamera, malipo ya nusu siku kwa kila siku ya barabarani, chakula juu yangu, na kila mtu chumba chake chenye ufunguo wake. Fedha hulipwa jioni ile ile. Hukuti mtu anamwambia seremala, "Lakini si unapenda mbao?"

Mimi ni kijana wa Arusha, nina mchumba mrembo na mwenyewe amekubali. Nataka tufanye safari kama yako, kuanzia hapa hadi Natron. Nipe mbinu.

Kijana, nitakuwa mkali kidogo, nisamehe.

Kwanza sheria. Tanzania Kanuni ya Adhabu inazo adhabu za picha chafu, kifungu cha 175; Kenya ni kifungu cha 181 cha yao; na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inagusa kuzisambaza kwa kompyuta na simu. Hakimu hatakuuliza habari za Weston. Pili, mchumba amekubali leo. Je, mkiachana mwakani, picha zitakuwa kwenye simu ya nani? Simu ikiibiwa stendi je? Mimi na mamodo wangu tuna karatasi inayosema picha ipi itaonyeshwa wapi, na ipi haitaonyeshwa kabisa. Wewe unayo? Najua jibu.

Sasa mbinu, maana safari yenyewe sikukatazi. Umbo la mtu halihitaji uchi. Mpe kaniki nyeusi au kitenge kisicho na maua makubwa, mwambie ageuke mgongo, subiri upepo uchore. Nendeni Isimila karibu na Iringa, kwenye zile nguzo za udongo. Mtu mmoja mdogo chini yake anatosha kuwa picha nzima. Mkivuka mpaka, kuna matuta ya mchanga Mambrui, kaskazini mwa Malindi, na bonde la Marafa ambalo wenyeji huliita Nyari, lenye udongo wa rangi ya waridi na chungwa saa 11 jioni. Karibu na Olduvai kuna lile tuta la mchanga mweusi linalohama. Omba ruhusa ya Ngorongoro, na usilipande, Wamaasai wanaliheshimu. Natron nendeni pia, lakini maji yake ya magadi yanakereketa ngozi na macho, kwa hiyo asiingie. Apigwe picha kwenye ukingo mkavu, asubuhi sana, na mbebe maji lita nne kwa kila mtu kwa siku. Na umwulize tena akubali au la mkishafika, huko huko, si nyumbani tu.

Binti yangu ana miaka 19. Mpigapicha mmoja hapa mjini amemwandikia kwamba ana "sura ya kimataifa" na anataka kumpeleka milimani kupiga picha. Sisi ni watu kutoka Uvira, hatujui mambo haya. Nimzuie? (Mama, Columbus, Ohio)

Mama, umri wake unamruhusu kuamua, lakini wewe una haki ya kuuliza, na binti mwenyewe aulize kwa maandishi. Aombe majina ya mamodo watatu waliowahi kufanya kazi na huyo mtu, awapigie simu yeye mwenyewe, aulize jambo moja tu: "Ulipokataa kitu, alifanyaje?" Hilo linatosha kuliko picha zote nzuri za mtandaoni. Aseme atakuja na mtu. Akiambiwa "mtu wa tatu anaharibu hali," hapo ndipo barua zinapoishia. Katika safari yetu, mume wa nesi alikuwa na ratiba yetu ya kila siku, na tulimpigia kila jioni simu iliposhika mtandao. Siku moja haikushika, kesho yake tulimkuta amekwisha kupiga simu kwa walinzi wa hifadhi. Sikuudhika.

Ajue kabla ya kutoka nyumbani atavaa nini, atavua nini, atalipwa kiasi gani, na picha zitakwenda wapi. Asikubali neno jipya likiletwa kule milimani. Aende na gari lake au la rafiki, au ajue basi la kurudi. Halafu hilo neno "sura ya kimataifa", mama, mimi kwa miaka 24 ya kazi sijalitumia. Kwangu mimi modo mpya chini ya miaka 21 simpigi bila nguo hata akiniomba; hiyo ni sheria yangu tu, wengine hawanayo.

Katika picha zote za safari, unayoipenda ni ipi? Mbona hukuiweka gazetini? (Mtwara)

Ni ya siku ya mwisho, Oceano. Nesi amefungwa kanga moja iliyoloa, yuko ukingoni mwa tuta, upepo umempiga mpaka kanga imekuwa ngozi ya pili, tumbo la mwanamke aliyezaa watatu, magoti ya mtu aliyesimama wodini miaka mingi. Anacheka, kichwa kimerudi nyuma, na nyuma yake bahari imekuwa mstari mmoja wa fedha. Nilijua nikiwa bado nimebonyeza.

Nilipomtumia picha za kuchagua, alizipitisha 40 na kuikataa moja, hiyo. Alisema pale alikuwa amesahau kamera, na mtu akisahau hajatoa ruhusa. Nilimpigia simu nikamsihi, mara moja. Akasema hapana. Nimechapisha nakala moja, nimemtumia kwa posta, na nimeifuta kwenye diski zote mbili.

Mume wake ameitundika jikoni.